Ukuta Uliojengwa Mbele ya Mume Wangu

Nyumba yangu ya Chanika, hapa Handeni, ilibomolewa baraza mimi nikiwa Makuyuni ya Korogwe nakula mihogo ya mdogo wangu. Naanza na hilo kwa sababu watu wakiingia kwangu siku hizi wanaanza na dari. Wanavua viatu, wanainua shingo, wanasema hongera mama, dari kama la hoteli. Dari halikaliwi na mtu. Baraza ndilo linalokaliwa, na ndilo walilolivunja.

Nimezaliwa kambi ya mkonge, Mazinde. Baba yangu alitoka mbali kuja kukata mkonge, mama alikuwa Mzigua wa Handeni. Vyumba vya kambi vilipangwa vikipeana migongo, mlango mmoja kila familia, na ukitoka mlangoni umeshafika njiani. Hapakuwa na pa kukaa. Baba alirudi jioni miguu imechomwachomwa na miiba, anakaa juu ya debe, na nyapara akipita anamwambia aingie ndani, hapa si sokoni. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, anaambiwa aingie ndani kama kuku. Mimi nikiwa mtoto niliona, na sikusahau. Shule nilifika darasa la tatu, nikatolewa nikapike vitumbua vya kuwauzia wakataji. Lakini kitu kimoja nilikijua kuliko wengi waliosoma: nyumba ni mahali ambapo hakuna mtu wa kukuambia uingie ndani.

Nikafanya biashara ya mahindi. Nilinunua vijijini Handeni, nikayapeleka Korogwe juu ya malori, nimekalia magunia, mvua yangu jua langu. Kiwanja cha Chanika nilikinunua mwenyewe. Matofali nilichoma mwenyewe, na wakati wa kuchoma nililala pembeni ya tanuru kwa sababu wezi wa kuni hawana haya. Fundi aliponiuliza tuanze na chumba kipi, nikamwambia tuanze na baraza. Akacheka, akasema mama, baraza huwa la mwisho. Nikamwambia la mwisho kwenu. Lilijengwa upana wote wa mbele, kimo cha mtu mzima kukaa na miguu ikagusa chini, likasuguliwa kwa saruji nyekundu mpaka likawa linateleza. Lilitazama barabara inayoteremka sokoni. Hakuna mtu aliyekwenda sokoni bila kupita hapo.

Mume wangu, Mzigua niliyekutana naye stendi ya Korogwe, alikuwa fundi baiskeli, na baraza likawa ofisi yake. Anaziba pancha, ananyoosha ringi, anasikiliza habari za mji mzima. Kiharusi kilimkuta hapo hapo, ana cheni mkononi. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukapinda, na maneno yakaondoka. Tulikwenda hospitali, tukarudi, tukaenda tena. Mguu ulirudi kidogo, akawa anaukokota na fimbo. Maneno hayakurudi. Akitaka maji anatoa sauti kama mtu anayeongea ndani ya gunia. Jina langu, ambalo ameliita maisha yake yote, hawezi kulitamka.

Siku moja nimemkalisha barazani, mimi napepeta mchele pembeni, akapita mtoto wa shule akasema, "Shikamoo babu."

"Marahaba," mume wangu akasema.

Safi kabisa. Ungo ulinitoka mkononi, mchele ukamwagika wote. Nikamwambia aseme tena, akaniangalia tu, akajaribu, likatoka lile la ndani ya gunia. Kisha akapita mama mwenye ndoo ya maji kichwani, akaamkia, na mume wangu akajibu tena, neno zima. Tukaelewa. Lile neno lilibaki, ila hatoki nalo mwenyewe, sharti uje umwitie kwa shikamoo.

Mtaa mzima ukajua. Wanafunzi wakawa wanapita upande wetu makusudi. Vijana wa bodaboda walipunguza mwendo, wakaamkia bila kuzima pikipiki. Wafugaji wa Kimasai waliokuja mnadani, wenye salamu zao wenyewe, walijifunza ya kwetu kwa ajili yake. Na yeye kwa neno hilo moja alisema yote. Alikuwa na marahaba ndefu ya mtoto mwenye adabu, na fupi ya kijana aliyemjua ni mhuni. Alikuwa na ya kumwambia mtu pole, na nyingine, nakuapia, ya kumwambia binti wa watu gauni lake fupi. Asubuhi nikimwogesha alikuwa na haraka. Mtu mwenye kazi ya kwenda.

Sasa nije kwa binti yangu.

Ni mzaliwa wangu wa kwanza, anafanya kazi ya ofisini Dar es Salaam. Mumewe anajenga na kupamba nyumba za watu wenye uwezo. Ni kijana mpole. Nayasema haya ili msije mkadhani nilimchukia tangu mwanzo. Walikuja kwetu wakati wa sikukuu, tukakaa sebuleni na shemeji zangu wawili, na binti akasema wanataka kututengenezea nyumba, zawadi yao kwa wazazi.

Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Sishikani naye mkono, sili naye sahani moja, simtazami usoni, na neno langu kwake linapitia kwa mtu. Siku ile nilikaa upande kwenye mkeka, khanga nimeishusha mpaka machoni. Picha za nyumba zilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa mkononi mwa mkwe. Akimpa binti, binti ananipitishia mbele ya uso, kidole kinaruka: jiko hili mama, chumba chenu hiki mama, choo hiki hapa cha kukaa, baba asipate shida ya kuchuchumaa. Nikaona choo. Choo nilikitaka. Mume wangu kuchuchumaa na mguu uliokufa ilikuwa vita ya kila siku.

"Mwenzangu anasema na mbele patapendeza," binti akasema.

"Mungu awabariki," nikasema.

Ndiyo hiyo. Wapo wanaoniambia ningeuliza hiyo mbele itapendezaje. Nani aulize? Mkwe amekaa hapo na zawadi mkononi, shemeji zangu wanasikiliza, mimi nianze kumhoji kama karani wa mizani? Zawadi ya mkwe inapokewa kwa neno moja na kichwa chini. Aliyetakiwa kuuliza ni binti yangu, aliyekaa katikati yetu na macho mawili, na aliyezijua nyumba zote mbili, ile ya kwenye simu na ile ya kwetu.

Tena kwa kuwa mkwe angelala pale kusimamia mafundi, mimi sikuweza kubaki. Mama mkwe halali chini ya dari moja na mkwe. Nikamchukua mzee wangu, tukaenda Makuyuni kwa mdogo wangu. Huko ni mashambani, wapita njia ni wachache, ila anayepita hana haraka. Wanasimama, wanaamkia, wanauliza habari za mvua na kujijibu wenyewe. Mzee hakukosa neno lake. Mdogo wangu alinipikia mihogo na kunitania kwamba nitarudi nikute ghorofa, nianze kumwita dada wa kijijini. Tukacheka. Najikuta mpaka leo nakichukia kicheko hicho.

Tuliporudi nilimwambia dereva amepotea.

"Mama, mimi mzaliwa wa Chanika," akasema. "Nimepotea wapi?"

Mbele yetu palikuwa na ukuta wa rangi ya jivu, umenizidi kimo, juu umepangwa vyuma vyenye ncha. Geti jeusi la bati, limezibwa chini mpaka juu, hata panya hachungulii. Likafunguliwa, na binti yangu akawa amesimama ndani ameinua simu, ananirekodi nikifurahi. Mkwe alikuwa ameshaondoka ili mimi niingie kwa uhuru. Nimesema, ana adabu.

"Mama, sema neno," binti akasema nyuma ya simu.

"Baraza liko wapi?"

Akacheka, akasema mama bwana, karibu ndani kwanza. Baadaye nilisikia kwamba ile picha waliirusha huko kwenye mitandao, nyumba yangu ya zamani upande mmoja na hii upande wa pili, na hilo swali langu walilikata.

Akanitembeza. Sebuleni dari la jipsamu lina vishimo, na kila kishimo kina taa ya buluu. Ukutani wamebandika kitu kinachofanana na mawe ambacho si mawe, kwa ajili ya televisheni ipate mahali pa heshima. Televisheni ina heshima kuliko mwenye nyumba. Chini wameweka marumaru nyeupe inayong'aa kama sahani iliyorambwa, na fimbo ya mzee ikateleza hatua ya kwanza tu, nikamdaka. Jiko wameliunganisha na sebule, hakuna ukuta, ili mgeni akae kwenye kochi anitazame nikikaanga dagaa. Nilimuuliza binti moshi utapita wapi. Akasema mama, utapikia gesi. Nikamuuliza makande ya watu wa msiba nitayapikia gesi? Akasema mambo hayo siku hizi wanaagiza.

Uwani mafiga yangu hayapo. Wamepanga matofali ya pevingi pote, ukuta kwa ukuta, na kona moja wametandika nyasi za plastiki. Handeni hii, ambako mbuzi wanatembea kutwa kutafuta jani, mimi nimefugiwa nyasi zisizolika. Pembeni ya hizo nyasi wamejenga kibaraza kidogo chenye kiti cha kuning'inia kwa mnyororo.

"Hapa ndipo baba atapumzika," binti akasema. "Kimya. Hakuna vumbi, hakuna makelele."

Kiti kilitazama ukuta.

Choo kilikuwa kizuri. Nilishukuru kwa choo, na nitashukuru tena mtu akiniuliza. Kwa mengine nilinyamaza, kwa sababu binti alikuwa anaondoka kesho yake, na nilidhani hasira yangu ni ya baraza tu, ya simenti niliyoisugua kwa mikono yangu. Ya mzee nilikuwa sijayaona bado.

Nilimkalisha pale asubuhi. Nilikuwa jikoni napambana na swichi za jiko la gesi, nikasikia nje ya ukuta mtoto anasema, "Shikamoo mama." Alimwamkia mwanamke mwingine huko barabarani. Na ndani ya ukuta mume wangu akasema, "Marahaba."

Nikatoka. Alikuwa amenyoosha shingo, anasubiri. Sauti za njiani zilikuwa zinapita juu ya ukuta, shikamoo za watu na watu wao, na yeye alikuwa anazijibu, na hakuna aliyesikia. Alifanya hivyo mpaka mchana. Kesho yake alijibu chache. Baadaye akawa hajibu, anakitazama kile kiti chenyewe, mnyororo wake, kama baiskeli iliyoletwa na mteja asiyejulikana. Nilimkokota mpaka getini nikalifungua, lakini geti likifunguka linaziba njia ya waenda kwa miguu, watu wanalikwepa, pikipiki zinapiga honi. Mtu hakai getini kama mlinzi wa ghala. Nikajaribu mwenyewe. Nikasimama mbele yake, nikamwambia shikamoo. Akanitazama vibaya mno. Mke wake wa miaka yote, namfanyia mchezo wa kitoto. Sikurudia.

Nikampigia binti simu.

"Ukuta wa mbele nauvunja," nikamwambia.

"Mama, usifanye hivyo. Mwenzangu ameutolea jasho ule ukuta. Usalama je?"

"Usalama wa nini? Nani ameniibia tangu nijenge?"

"Na baba anahitaji utulivu. Hata daktari alisema."

"Daktari alisema asile chumvi. Habari ya ukuta hakusema."

"Mama, wewe umezeeka na mambo ya zamani. Zungumza na mwenzangu basi, umweleze."

Alijua siwezi kuzungumza naye. Alinifungia geti la pili, hilo la heshima, na ufunguo akabaki nao yeye. Nilikata simu nikakaa juu ya yale matofali ya pevingi.

Sasa upande wa pili wa barabara yupo mzee mmoja anayeshona katambuga, vile viatu vya tairi. Ni Mnyamwezi, babu yake alikuja kukata mkonge kama baba yangu. Wanyamwezi na Wazigua ni watani. Mtani anaweza kukutukana msibani mbele ya maiti yako, akachukua jogoo wako akaenda zake, na wewe huna ruhusa ya kununa. Huyu na mume wangu walitukanana barazani kwangu tangu wote wana nywele nyeusi. Alikuja siku hiyo akagonga geti kwa kiatu.

"Hodi humu gerezani."

"Karibu, Mnyamwezi," nikasema. "Pita na kesi yako."

Akaenda mpaka kwenye kile kiti. "Mzigua, umeiba mbuzi wa nani? Maana nimeona wezi wengi Handeni, lakini mwizi aliyejengewa jela na mkwewe mwenyewe ni wewe wa kwanza. Na mate unayatoa bado? Unamwagilia nyasi za plastiki zikue?"

Siku zote mume wangu angecheka kwa bega. Bega la kushoto linaruka, ndicho kicheko alichobaki nacho. Halikuruka. Mnyamwezi akasubiri, akachuchumaa mbele yake, akamwangalia uso. Halafu akaniuliza bila utani, "Hajibu tangu lini?"

Nikamweleza yote, na ya simu, na ya mkwe.

"Wewe ukimwambia mkwe utavunja heshima," akasema. "Na mimi mkwe wangu yuko wapi hapa? Nina Mzigua tu."

Asubuhi yake nilisikia ukuta unalia. Mnyamwezi alikuwa nje na nyundo ile ya kupasulia mawe, mzee wa watu, anapiga na kutukana kwa zamu. Anapiga, anasema Wazigua wavivu wamejificha. Anapiga, anasema Wazigua waliuza ngoma wakanunua fensi. Watu wakajaa. Kijana mmoja wa bodaboda akamwambia, "Babu, lete hiyo, utavunjika wewe kabla ya tofali," akapokea nyundo. Mimi nilikuwa ndani, nimesimama kwenye marumaru, na sikutoka kuwazuia. Wakatoboa tundu la ukubwa wa dirisha la duka, na barabara ikaonekana tena.

Nikamsogezea mzee kiti mbele ya tundu. Nje walikuwapo watu kama wa harusi, na wote wakamwamkia kwa pamoja. Akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Wakaamkia tena, mmoja mmoja, kwa upole, kama watu wanaompa mgonjwa uji kwa kijiko. Akajitahidi mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Likatoka lile la ndani ya gunia. Mnyamwezi akawafukuza watu. Siku ya kiharusi niliogopa, lakini siku hiyo niliogopa zaidi, maana kiharusi kililetwa na Mungu, na hili lililetwa na mafundi.

Habari ikafika Dar es Salaam haraka, na mkwe akaja mwenyewe na mafundi wawili na mifuko ya saruji kuziba. Binti alikuja naye. Wakasimama uwani kwenye pevingi zao. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, khanga usoni kama inavyotakiwa.

"Mama," binti akaanza, "mwenzangu anauliza ni nani amebomoa."

"Mwambie ni mtani wa baba yako."

"Anasema mtani au si mtani, mali ya mtu haiharibiwi hivyo. Anasema ataziba leo, halafu aongee na mjumbe."

Nikanyanyuka. Khanga nikaitoa kichwani, nikaifunga kiunoni. Binti yangu alifunga mdomo kwa mkono, kwa sababu alijua ninachotaka kufanya, na hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kukiona kikifanyika.

"Mkwe," nikasema, "nitazame."

Hakunitazama. Alitazama viatu vyake.

"Basi tazama chini, ila sikia. Umejenga vizuri. Choo chako kizuri, nakishukuru. Lakini huyu mzee alibakiwa na neno moja duniani. Moja tu. Na neno lenyewe haliji mpaka mtu apite amwamkie. Wewe ukachukua barabara yake ukampa nyasi za plastiki. Mnazibaje? Mnaziba nini? Mkiziba hapo mnaniua mume wangu akiwa anapumua."

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mimi sikujua habari ya neno."

"Najua hukujua. Mwenzako alijua."

Hapo ndipo binti akaanza kulia, na lililokuwa ndani ya ukuta likatoka. Akasema walipokuja wenzake wa kazini wakati ule wa sikukuu, walimkuta baba yake barazani na mate yanamtoka, na mtoto mmoja wa njiani akawa anamwigiza mdomo ulivyopinda. Akasema aliona aibu mpaka akatamani ardhi ipasuke. Akasema hataki baba yake awe kichekesho cha barabarani.

"Huyo mtoto namjua," nikamwambia. "Ni mtundu. Anamwigiza, kisha anamwamkia, kila siku, asubuhi na mchana. Hao wenzako walimwamkia?"

Akafuta macho kwa mtandio.

"Nimekuuliza."

"Walimpungia mkono. Kutoka kwenye gari."

"Haya. Nyinyi ndio wenye aibu, mnajificha. Na mkitaka kujificha jijengeeni ukuta kwenu. Mimi nimezaliwa kambini, baba yangu akiambiwa aingie ndani. Sikubeba mahindi nikiwa kijana ili mwanangu aje amwambie mume wangu aingie ndani."

Mafundi walikuwa wameshika makoleo yao kama watu waliofika msibani wakakuta harusi. Mwisho mkwe akawageukia, hakusema na mimi, akawaambia, "Shusheni ukuta wa mbele. Wote. Acheni kimo cha kukaa." Akaenda kukaa ndani ya gari lake mpaka kazi ilipoisha. Vyuma vyenye ncha nilimpa Mnyamwezi, akawa anakunjia tairi zake.

Ule ukuta ulioshushwa sasa unakaliwa. Si baraza langu. Hauna wekundu wala ule ulaini wa kusuguliwa, na ukiukalia rangi ya jivu inabaki kwenye nguo. Pevingi za kona moja nimezing'oa kwa sululu, nikarudisha mafiga yangu. Jipsamu lipo, watu waje walitazame. Na shemeji zangu walikuja kuniambia nimevunja heshima kubwa, sharti nitoe kuku nimwombe radhi mkwe. Nikawaambia kuku ninao, lakini wanataga. Walikunywa chai, wakaondoka.

Neno lilichelewa. Watu walimwamkia bila kujibiwa, wengine wakazoea kupita bila kusubiri, na mimi kila aliyepita bila kusubiri nilimchukia kutoka moyoni, ingawa alikuwa ameamkia. Nilikuwa nimeshaanza kujiambia limekwenda. Kisha mchana mmoja kijana wa bodaboda alipita mbio ana abiria, akarusha shikamoo bila kugeuka, na mume wangu akasema marahaba, ya kukwaruza, kama geti lisilotiwa mafuta. Kijana alifunga breki, abiria akamgonga mgongoni, akageuza pikipiki akarudi kumwamkia upya. Abiria alilalamika. Aliambiwa ashuke kama ana haraka.

Sasa hivi anajibu, si kama zamani. Baadhi ya siku anajibu nusu ya watu, baadhi wote. Zile za kukaripia hazijarudi.

Binti anakuja na kuondoka siku hiyo hiyo. Mkwe alikuja mara moja, sikukuu iliyofuata. Mimi nilipoona gari nilishusha khanga, nikaenda uwani kwenye mafiga, maana heshima niliivunja siku moja kwa sababu, sikuifuta. Nilikuwa nachemsha nyama, na sauti za mbele zilinifikia vizuri, kwa kuwa hakuna tena cha kuzizuia.

"Shikamoo mzee," mkwe akasema.

Kimya.

Akapita mama muuza mkaa, akaamkia. "Marahaba," mume wangu akasema.

"Shikamoo mzee," mkwe akasema tena, amesogea karibu.

Kimya.

Wakapita wanafunzi. Akawajibu kila mmoja na wake. Mkwe akaamkia mara ya tatu, kwa sauti ya mtoto, na mume wangu hakumjibu. Binti alikuja mbio uwani kwangu, akasema mama, hebu njoo umsaidie, baba leo ugonjwa umemzidi. Mimi nimeishi na yule mtu tangu stendi ya Korogwe anaziba pancha. Ugonjwa wake naujua, na ukaidi wake naujua. Nikamwambia binti anisogezee kuni, nyama bado ngumu.